Mazabodi ya H610 au B650, DDR4 au DDR5? Jibu kwa mhariri wa video wa Nyegezi

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Nyegezi, Mwanza, na kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu pamoja na kutengeneza kadi za mialiko. Kompyuta yangu ya mezani, Core i5 ya kizazi cha 8, imekufa mazabodi. Nimebaki na RAM mbili za DDR4 za GB 8 kila moja, za kasi ya 2666, pamoja na SSD ya NVMe, pawasaplai na kasha. Kadi ya grafiki sina. Kamera yangu hurekodi H.265 ya biti 10, 4:2:2. Nimetenga shilingi milioni 1.5 kwa prosesa, mazabodi na RAM. Duka moja la mjini limenipangia Core i5-12400F na mazabodi ya H610 ya DDR4. Duka jingine limenipangia Ryzen 5 7600 na mazabodi ya B650 ya DDR5, likisema DDR4 imepitwa na wakati. Nichague lipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na herufi moja iliyoandikwa kwenye karatasi ya duka la kwanza, kwa sababu hiyo peke yake ingekurudisha mjini kesho yake. Prosesa ya Intel ambayo jina lake linaishia na F haina grafiki ya ndani. Core i5-12400F ni prosesa nzuri, lakini bila kadi ya grafiki haitoi picha yoyote kwenye skrini, na wewe kadi huna. Unayoihitaji ni Core i5-12400 isiyo na F. Kwa kazi yako jambo hili linazidi kuonekana kwa picha tu. Grafiki ya ndani ya prosesa hiyo, iitwayo UHD 730, ina sehemu maalumu ya kufungua video, na sehemu hiyo inaweza kufungua H.265 (mfumo wa kubana video) ya biti 10 yenye mpangilio wa 4:2:2, unaohifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi kuliko 4:2:0 ya kawaida, yaani ile ile inayotoka kwenye kamera yako. Grafiki ndogo iliyomo ndani ya Ryzen 5 7600 inafungua H.265 ya 4:2:0 bila shida, lakini ya 4:2:2 haiiwezi, hivyo mzigo wote unaangukia viini vya prosesa na video inakwamakwama kila unapoisogeza mbele na nyuma kutafuta mahali pa kukata. Hata kadi za GeForce ziliupata uwezo huo kuanzia mfululizo wa RTX 50 uliotoka 2025. Kabla ya kulipa, hakikisha tu kwamba toleo la programu yako ya kuhariri linaruhusu kutumia sehemu hiyo ya prosesa, kwa kuwa baadhi ya matoleo ya bure hayaruhusu.

Sasa tuje kwenye chipseti, yaani chipu kuu ya mazabodi inayounganisha prosesa na vifaa vingine; H610 na B650 ni majina ya chipseti. Watu wengi wanaofika kwenye meza yangu wanaamini kwamba chipseti ndiyo inayoamua aina ya RAM, na maduka huikuza imani hiyo kwa kuandika H610 na DDR4 pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Zamani ilikuwa hivyo kweli, kwa sababu kidhibiti cha kumbukumbu kilikaa ndani ya chipseti. AMD ilikihamishia ndani ya prosesa mwaka 2003 ilipotoa Athlon 64, na Intel ikafuata katika Core i7 za kwanza mwaka 2008. Tangu hapo prosesa ndiyo inayosema inaelewana na RAM za aina gani, na mazabodi, kwa jinsi njia zake za umeme zilivyochorwa na sloti zake zilivyochongwa, ndiyo inayoshika aina mojawapo. Core i5-12400 inaelewana na zote mbili, DDR4 hadi kasi ya 3200 na DDR5 hadi 4800, ndiyo maana utakuta kwenye rafu moja mazabodi ya B760 inayopokea DDR4 na jirani yake, B760 vilevile, inayopokea DDR5. Ryzen 5 7600 inakaa kwenye soketi (kitako cha prosesa juu ya mazabodi) ya AM5, iliyoingia sokoni Septemba 2022, na soketi hiyo haipokei kitu kingine isipokuwa DDR5.

Kwa hiyo usiyaone haya kuwa maswali mawili, moja la chipseti na jingine la RAM. Ukichagua prosesa umeshachagua soketi, na ukishachagua soketi umeshaamua kama RAM zako mbili zitaendelea kuwa mali au zitakuwa kitu cha kumuuzia mtu kwa bei ya hasara. Na kwa wakati huu zile RAM ni mali kuliko unavyodhani. Tangu nusu ya pili ya mwaka 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote, DDR4 na DDR5 zote, kwa sababu Samsung, SK Hynix na Micron, ambao ndio wazalishaji wakubwa, wameelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye kumbukumbu za seva za akili mnemba. Mtu anayeanza leo bila RAM yoyote anatoa fedha ambazo wewe unaweza kuzielekeza kwenye mazabodi iliyo bora zaidi.

Je, DDR4 imepitwa na wakati? Kwa maana ya umri, ndiyo, imezeeka: iliingia sokoni mwaka 2014, na kiwango cha DDR5 kilichapishwa Julai 2020. Lakini mhariri wa video anapaswa kuuliza kitu kingine, yaani tofauti hiyo ataiona wapi katika kazi yake. RAM mbili za DDR4 za kasi ya 3200 zikifanya kazi kwa pamoja hupitisha hadi GB 51.2 kwa sekunde. Zako za 2666 hupitisha takriban GB 42.7, na mbili za DDR5 za kasi ya 5600 hupitisha hadi GB 89.6. Hilo ni pengo kubwa kwenye karatasi. Upande wa pili kuna muda wa kusubiri, ambao wauzaji hawautaji. DDR4 ya 3200 yenye CL16 (namba ya mapigo ya kusubiri) husubiri nanosekunde 10 kabla ya kuanza kutoa data, wakati DDR5 ya 5600 yenye CL40, ambayo ndiyo aina ya bei ya chini inayopatikana kirahisi, husubiri zaidi ya nanosekunde 14. Kwa hiyo DDR5 ni kama lori kubwa linalochelewa kidogo kuondoka stendi. Katika kuhariri, kazi nyingi hazijazi hata lile lori dogo, na mara nyingi tofauti kati ya aina hizi mbili hutaigundua bila kupima kwa saa.

Kinachogundulika mara moja ni ujazo. Fungua mradi wa harusi wenye kamera mbili za 4K, weka rangi, weka maandishi, acha kivinjari kikiwa wazi kwa ajili ya mteja anayetuma picha za kadi, na GB 16 zitajaa. RAM ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia data kwenye SSD, na hata SSD nzuri ni ya polepole mara nyingi kuliko RAM mbaya kabisa. Hapo ndipo programu huganda, na mtu husema prosesa ni dhaifu. Isitoshe, grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake yenyewe; hukopa kutoka kwenye hiyo hiyo RAM. GB 32 za DDR4 zitakufikishia kazi kwa mteja mapema kuliko GB 16 za DDR5, na hilo nalisema kwa uhakika wa mtu aliyekaa nyuma ya wahariri wengi akiangalia mahali wanapokwama.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni Core i5-12400 isiyo na F, juu ya mazabodi yenye chipseti ya B760, au B660 ukiipata mpya kwa bei nafuu, ya DDR4, yenye sloti nne za RAM na nafasi mbili za M.2, zile za kuchomekea SSD za NVMe. Weka zile RAM zako mbili leo uanze kazi, kisha ongeza nyingine mbili za GB 8 kadiri utakavyopata ili ufikie GB 32. Ukinunua za 3200 zitashuka na kutembea kwa 2666 pamoja na za zamani, na hilo lisikusumbue. Kuchanganya RAM za watengenezaji tofauti mara nyingi hukubali katika kasi hiyo ya chini, lakini si kila mara. Kwa hiyo kubaliana na muuzaji kwamba zikikataa kuelewana utazirudisha.

Utaniuliza kwa nini sikubali H610, ilhali inapokea prosesa ile ile na RAM zile zile na ni ya bei ndogo. Naiheshimu H610. Mtu mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala kule Malimbe, anayehudumia wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT, hahitaji zaidi ya hiyo, na ningemshauri aichukue bila kusita. Lakini Intel iliibana chipseti hiyo kwa makusudi, na mibano yake inaangukia pale pale penye kazi yako. Kwanza, inaruhusu RAM moja tu kwa kila mkondo wa kumbukumbu, na mikondo ni miwili, maana yake sloti mbili. RAM zako mbili zikishakaa humo, hakuna nafasi ya kuongeza; siku ya kutaka GB 32 itakubidi uzitoe zote na kununua mbili mpya za GB 16, na ile akiba uliyoipata kwenye mazabodi imekwisha hapo. Pili, njia nne za PCIe, yaani njia za kupitishia data, ambazo prosesa huwa nazo kwa ajili ya SSD ya NVMe hazitumiki katika H610. SSD hupitia kwenye chipseti kwa PCIe 3.0, ambayo kikomo chake ni karibu GB 3.5 kwa sekunde, na mara nyingi mazabodi nzima ina nafasi moja tu ya M.2. Katika B760 kwa kawaida utapata nafasi mbili za PCIe 4.0, moja ikiwa imeunganishwa na prosesa yenyewe. Mhariri anayeweka mfumo na programu kwenye SSD moja na video ghafi kwenye nyingine anafanya kazi kwa utulivu zaidi, na tena anaweza kuiokoa kazi ya mteja hata Windows ikiharibika.

Sababu ya tatu haiandikwi kwenye karatasi ya chipseti, nayo ni ubora wa sehemu inayoilisha prosesa umeme. Watengenezaji huiona H610 kuwa daraja la chini, hivyo nyingi hazina hata kipande cha bati cha kupoza joto juu ya sehemu hiyo. Core i5-12400 hutumia wati 65 kwa kawaida na hadi wati 117 ikikimbia, na H610 ya kawaida inaimudu. Lakini baada ya miaka miwili ukitaka kuweka prosesa kubwa zaidi, kwa mfano Core i7-13700 ambayo hufika wati 219, mazabodi hiyo itapata joto na kuishusha kasi, na utakuwa umenunua nguvu usiyoweza kuitumia. Hali ya hewa ya hapa Mwanza inaongeza uzito wa jambo hili. Kandokando ya ziwa hewa ina unyevu, na msimu wa wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku, nimefungua makasha na kukuta feni na mapezi ya kipoza joto yamezibwa nao. Mazabodi yenye bati la kupozea huvumilia miezi michache ya uzembe wa kusafisha. Isiyo nalo haivumilii.

Chipseti za Z690 na Z790 ziache. Kinachowatofautisha na B760, kwa kiasi kikubwa, ni ruhusa ya kuipandisha prosesa kasi kuliko iliyowekwa na kiwanda, na ruhusa hiyo hufanya kazi kwa prosesa zenye herufi K tu. Wewe huendi huko.

Ni haki nikueleze pia upande wa pili wa mizani. Soketi ya LGA1700, ya hiyo Core i5-12400, ambayo nakupeleka imefika mwisho wa safari yake: ilianza na kizazi cha 12 mwishoni mwa 2021, na kizazi cha 14, kilichotoka 2023, ndicho cha mwisho kwa kompyuta za mezani za kawaida. Kilichokuja baada yake, Core Ultra 200S ya Oktoba 2024, kinakaa kwenye soketi nyingine na kinapokea DDR5 pekee. AM5 ya duka la pili bado iko njiani, na AMD imetangaza kuihudumia hadi 2027 na kuendelea. Kama ungekuwa unaanza bila RAM hata moja, kama kamera yako ingerekodi 4:2:0, au kama ungekuwa na kadi nzuri ya grafiki na mpango wa kubadilisha prosesa mara mbili bila kugusa mazabodi, ningekuambia uchukue B650 leo. Lakini hata hapo ningekuonya juu ya hesabu ya RAM. Ryzen 5 7600 inatambua rasmi kasi ya 5200 ukiweka RAM mbili, na ukiweka nne kasi rasmi inashuka hadi 3600. Kwa hiyo kwenye AM5 huongezi kidogo kidogo. Unanunua mbili kubwa tangu siku ya kwanza, kwa bei hizi za sasa. Ndani ya shilingi milioni 1.5 ningeogopa uishie na RAM moja ya GB 16, nayo peke yake itakunyima nusu ya upana wa njia ambao DDR5 ilikuwa ikuletee.

Njia ya tatu, ambayo hakuna duka lililokutajia, ni AM4, soketi ya AMD iliyoitangulia AM5 na inayopokea DDR4, na RAM zako zingeingia humo. Siikatai kwa mtu anayepata mazabodi ya B550 na Ryzen 5 5600G kwa bei ya chini sana, ila hiyo nayo haina msaada kwa 4:2:2 yako, basi tuiache.

Ukienda kununua, soma jina kamili la mazabodi kwenye boksi, kwa sababu chipseti peke yake haikuambii aina ya RAM. Katika B660 na B760 watengenezaji kama ASUS na MSI huweka alama ya D4 au DDR4 mwishoni mwa jina, na pasipo na alama hiyo mara nyingi ni DDR5. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288 na urefu mmoja, lakini pengo la katikati limesogezwa ili zisiingiliane. Mwaka jana alinifikia mteja aliyevuka kwa kivuko kutoka Nansio, akiwa amenunua RAM za DDR5 na mazabodi ya DDR4 katika maduka mawili tofauti. Alikuwa amejaribu kuzisukuma kwa nguvu nyumbani, na ukingo wa sloti ulikuwa umepasuka. RAM zilipona; mazabodi haikupona, na hakuna duka lililokubali kuirudisha. RAM inayokataa kukaa kwa mkandamizo wa vidole gumba viwili ina sababu ya kukataa.

Jihadhari pia na RAM za seva zinazouzwa kwa bei ya kuvutia, zile zilizoandikwa Registered au RDIMM kwenye lebo. Za DDR4 zinaingia kwenye sloti vizuri kabisa, na kompyuta haiwaki. Kama kitu kitaagizwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa basi zaidi ya kilomita 1,100, taka picha ya lebo kabla hujatuma fedha.

Kuhusu BIOS, yaani programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha kompyuta: B660 au B760 yoyote itaitambua Core i5-12400 moja kwa moja, kwa hiyo siku ya kwanza huna haja ya kuigusa. Siku utakayotaka prosesa ya kizazi cha 14 ndipo huenda ikahitaji toleo jipya. Ukinunua ya kizazi cha 13 au 14 iliyokwisha kutumika, hasa Core i7 au i9, hakikisha BIOS ina marekebisho ya 0x12B au ya baadaye, kwa maana mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa hizo zilikuwa zikijiharibu kwa kuomba umeme mwingi kupita kiasi, na iliyokwisha kuumia hairudi kwa kusasisha. Kazi hiyo usiifanye bila UPS. Miaka michache iliyopita nilikuwa nasasisha BIOS ya mteja mchana wa mvua, umeme ukakatika katikati, na mazabodi ile haikuwaka tena, niliilipa. Tangu siku hiyo sianzi kabla sijaangalia betri ya UPS, na nikiweza kuchagua huchukua mazabodi yenye kitufe cha kusasishia BIOS kutoka kwenye flashi, kwa sababu hiyo hufufuka hata baada ya ajali kama ile.

Ukishafunga kila kitu, weka RAM zako mbili kwenye sloti ya pili na ya nne kuhesabia kutoka kwenye prosesa, ambazo kwa kawaida huandikwa A2 na B2, ili zifanye kazi kwa pamoja. Fungua CPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za prosesa na RAM, uangalie kama zinaonekana kuwa mikondo miwili. Usitaharuki ukiona 1333 badala ya 2666, kwani programu hiyo huonyesha mapigo halisi, na DDR hupitisha data mara mbili katika kila pigo. Kisha weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi na uiache izunguke usiku mzima kabla hujapokea kazi ya mteja yeyote. Likitokea kosa hata moja, jaribu RAM moja moja katika sloti ya A2: kosa likiambatana na RAM moja tu, RAM hiyo ni mbovu, likitokea kwa zote mbili katika sloti ile ile, irudishe mazabodi dukani na risiti yake siku hiyo hiyo.